Niliona, nilisikia, niliambiwa: jinsi ya kuandika siku ya maandamano

Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kugeuza habari kuwa Kiswahili katika redio moja hapa Nairobi. Taarifa ya polisi ilikuwa ikifika saa saba kasoro dakika kumi, na saa saba kamili lazima isomwe. Neno "risasi zilifyatuka" limepita chini ya kalamu yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sasa nimestaafu. Vijana wa ploti yetu wanapokuja kibarazani kuniuliza, "Shangazi, tukienda kuandamana tubebe nini?", huwaambia wabebe daftari.

Sina la kuwafundisha kuhusu kukimbia wala kupiga kelele. Ninachokijua ni jinsi habari inavyopikwa, na kwamba anayebaki mikono mitupu baada ya siku kama hiyo ni yule aliyekuwepo na hakuandika kitu.

Ukurasa wa kwanza uwe wa sababu. Uandike nyumbani, kabla hujafunga viatu. Juni 2024 vijana walitoka kuupinga Mswada wa Fedha, ambao ulitaka VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Hizo ni tarakimu za Bunge. Za kwako zinatoka jikoni. Jirani yangu anauza chapati kwa watu wa mjengo na hununua mafuta ya kupima. Aliniambia hawezi kuitoa chapati kwenye shilingi 20 akaipeleka 25, kwa sababu mfuko wa mteja wake anaujua kama anavyoujua wake mwenyewe. Niliandika maneno yake na tarehe. Wakati huohuo vijana walikuwa wakipitishiana kwenye simu picha za wabunge wenye saa za mkononi za bei ya gari. Hilo nalo ni la ukurasa wa kwanza.

Ninasisitiza ukurasa huu kwa sababu ndio unaopotea mapema. Siku ya pili habari huwa ni za magurudumu yaliyochomwa na maduka yaliyovunjwa, na mkate hausikiki tena. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kwamba kodi ya mkate na ya magari zimeondolewa. Siku mbili baadaye vijana walitoka tena, na mtu ambaye hakuwa amesoma mswada aliuliza wanataka nini zaidi. Jibu lilikuwa katika vifungu vilivyobaki. Aliyeviandika aliweza kujibu.

Vitu vya kubeba ni vichache. Daftari ya kuingia mfukoni, biro mbili za kawaida (wino wa jeli unavuja ukilowa, na gari la polisi la kurusha maji halichagui), simu yenye chaji, iliyofungwa kwa namba badala ya alama ya kidole. Namba ya wakili iandike mkononi mwako kwa biro, kwa sababu simu ikichukuliwa huna tena namba ya mtu yeyote. Mwaka 2024 mawakili wengi wa Chama cha Mawakili cha Kenya walijitolea bila malipo, na waliofaidika haraka ni wale waliokuwa na namba. Kama wewe ndiye mwandalizi, beba pia kopi ya barua mliyoipeleka kituo cha polisi ikiwa na muhuri. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria inataka polisi wajulishwe angalau siku tatu kabla, isizidi siku 14. Kujulisha ni tofauti na kuomba ruhusa. Kopi yenye muhuri humaliza ubishi huo mapema.

Sasa saa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliona madhara yake.

Juni 20 nilikuwa kwa fundi wa nguo, ghorofa ya pili, karibu na Moi Avenue. Msichana mmoja aliyekuwa maandamanoni alipandishwa na wenzake, paja likitoka damu. Fundi, mtu makini, aliandika nyuma ya kitabu chake cha risiti: "saa kumi na dakika arobaini, ameletwa binti, paja la kushoto." Wiki tatu baadaye mtu aliyekuwa akimwandikia msichana taarifa yake kwa Kiingereza alisoma karatasi ile, akaweka 10:40 asubuhi. Kadi ya hospitali ilionyesha jioni. Msichana akaulizwa alikuwa wapi kutwa nzima na jeraha lile, kana kwamba anaficha kitu. Iliwachukua miezi kurekebisha kosa la mtu aliyesahau kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza.

Kwa hiyo andika saa kwa namna mbili, kila mara: "saa 10:40 jioni (16:40)". Saa ya kukamatwa kwa mtu ina uzito kuliko zote, kwa kuwa Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Asipojulikana alikamatwa saa ngapi, hakuna pa kuanzia kuhesabu. Mahali nako kuwe ni mahali. "Tauni" haitoshi. Andika jina la barabara, duka lililo mbele yako, na upande polisi walikotokea. Kama gari lina namba, namba kwanza, maelezo baadaye. Kama halina, andika kwamba halina.

Kila mstari utangulize kwa neno moja kati ya matatu: niliona, nilisikia, niliambiwa. "Niliona maafisa watano, wawili bila sare, mmoja ana bunduki ndefu." "Nilisikia milio mitatu nyuma ya jengo." "Niliambiwa na kijana wa bodaboda kwamba mtu ameanguka." Ukiyachanganya hayo matatu, wakili wa upande wa pili atashika lile la kuambiwa na kulitumia kuangusha mawili uliyoyashuhudia. Usijifanye unajua aina ya bunduki. Usiseme risasi kama ulisikia mlio tu. Na afisa akimnyanyua mama aliyeanguka, liandike pia, na saa yake. Daftari linaloona upande mmoja pekee haliaminiki hata linaposema kweli.

Ukipiga picha, nyuso za waandamanaji ziache. Piga miguu, migongo, mabango, magari, maganda yaliyoanguka chini (usiyaokote). Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa au kutoweka kati ya Juni na Desemba 2024. Uso uliouweka mtandaoni kwa furaha ya saa tisa unaweza kutafutwa saa tisa usiku. Picha muhimu usiitume kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu inabanwa na kupoteza taarifa zake za ndani, pamoja na saa na mahali. Itume kama faili. Usiikate wala kuing'arisha, na usiiandikie maneno juu yake. Mwaka 2025 BBC ilipochunguza mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge siku ya Juni 25, 2024, ilipitia picha zaidi ya 5,000. Picha za namna hiyo haziwezi kupimwa kama kila mtu ameichezea yake.

Jioni ukifika nyumbani na kunawa macho, fungua habari. Keti na daftari mapajani, maana hii ni nusu ya pili ya kazi.

Sikiliza vitenzi. Kiswahili chetu kina kauli za kutosha kumwonyesha mtu au kumficha, na hapo ndipo mimi niliposhiriki. "Afisa alimpiga kijana risasi": mtendaji yupo. "Kijana alipigwa risasi": mtendaji ameondoka, lakini tunajua kulikuwa na mtu. "Risasi ilifyatuka": sasa hakuna mtu kabisa, bunduki imeamua yenyewe. Kisha huja ile iliyo mbali kuliko zote, "kijana alifariki kutokana na majeraha", kama vile majeraha ni homa. Taarifa za wakubwa hupenda kauli ya kutendeka, na mtafsiri mwenye dakika kumi huzipitisha zilivyo. Nilifanya hivyo, na wapo wazazi waliosikia habari ya mtoto wao ikisomwa kwa maneno niliyoyachagua mimi. Ninayabeba hayo.

Zoezi ni hili. Andika sentensi ya habari, chini yake iandike upya kwa kauli ya kutenda. Ukishindwa kujaza nafasi ya mtendaji, weka mstari mtupu: "______ alifyatua risasi saa 10:35 jioni (16:35)." Mstari ule mtupu ndio swali la kupeleka kwa mwanahabari, kwa mbunge, kwa wachunguzi. Lifanye hata kwa upande wetu. "Magari yalichomeka" ni sentensi ya kujificha vilevile. Nani aliyachoma? Kama uliona, sema.

Sikiliza pia majina tunayopewa, na uyaandikie tarehe. Usiku wa Juni 25, 2024, baada ya Bunge kupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106 na waandamanaji kuingia ndani ya majengo yake, Rais Ruto aliita tukio lile uhaini. Kesho yake mchana alikataa kutia saini mswada uleule, akasema wananchi wamezungumza. Kati ya hotuba hizo mbili haikupita siku nzima. Ukiwa na zote mbili kwenye ukurasa mmoja, hutachanganyikiwa mtu akikuambia vijana wale walikuwa wahalifu watupu tangu mwanzo.

Idadi ya waliokufa usiipitishe bila kuandika nani amesema na lini. Juni 30 Rais alitaja watu 19 katika mahojiano ya televisheni. Julai 1 tume ya haki za kibinadamu ilitaja 39. Ziandike zote, na chanzo chake. Upande wa pili, usiku ule wa Juni 25 simu zilijaa madai ya mamia ya maiti katika mtaa wa Githurai, pembeni mwa Nairobi. Watu walipigwa risasi Githurai, na kulikuwa na misiba ya kweli. Hayo mamia hayakuthibitishwa. Najua waliosambaza wengi wao walikuwa na hofu na hasira ya haki, lakini tarakimu iliyovimba ilimpa kila aliyetaka kukanusha mahali pa kuanzia, na akakanusha mpaka wale waliokufa kweli. Hapo mimi sina subira hata na vijana wangu.

Wanahabari wasihukumiwe kwa jumla. Siku hiyo ya Juni 25 kituo cha televisheni cha KTN kilisema kimetishwa kwamba kitafungwa, na intaneti ikawa inakatika nchini. Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja yakome, mitambo ya televisheni za NTV na KTN ikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Ripota anayesimama barabarani katika hali hiyo anahitaji daftari lako kuliko matusi yako. Ukiona kosa, mwandikie mhariri: tarehe ya habari, sentensi yenyewe, ulichokiona, saa. Mistari minne. Niliwahi kuwa upande wa kupokea barua hizo. Ndefu zenye hasira ziliwekwa kando, fupi zenye saa zilizungushwa mezani. Na kwa kuwa televisheni inaweza kuzimwa, weka redio ya betri ndani ya nyumba.

Kama mtu ameumizwa, usingoje habari ziishe. Kwanza hospitali, na umwombe daktari aandike anachokiona na saa aliyompokea. Kisha kituo cha polisi, mkiwa wawili au zaidi, muandikishe na mdai namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Bila namba hiyo mtazungushwa. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari, na mtoe kopi kabla haijarudi kituoni. Mkiombwa kutia saini taarifa, isomeni yote kwa sauti, hasa saa. Kama kuna kifo, familia iombe uchunguzi wa maiti ufanyike daktari wao akiwepo. Malalamiko dhidi ya afisa yanapelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na huko wataanza kwa kuuliza palepale: wapi, saa ngapi, nani aliona.

Usiku uleule, kabla ya kulala, nakili kurasa zako kwenye karatasi safi na utie saini na tarehe chini. Daftari lenyewe usilisafishe. Likiwa na damu, au maji ya kuwasha, au mwandiko uliopinda kwa sababu ulikuwa ukikimbia, liache hivyo. Nakala moja apewe wakili, nyingine mtu anayeishi mbali na asiyejihusisha na maandamano. Zangu za Juni 2024 ziko kwa dada yangu Taveta, ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga zake, pamoja na kile kitabu cha risiti cha fundi. Nimemwambia atakayekuja kukiomba ni mmoja tu, anatembea akichechemea kidogo mguu wa kushoto, na asimcheleweshe.