Daftari la akiba kwa lugha mbili: namna ya kujifunza lugha mpya ya programu

Anayependa kuonja lugha mpya za programu mara nyingi hubaki na folda tele za mazoezi na hakuna hata moja inayotumika. Dawa yake ni kuwa na programu moja ndogo, ambayo kanuni zake unazijua tayari, na kuiandika upya kwa kila lugha unayoigusa. Ukikwama, utajua kinachokukwamisha ni lugha, si hesabu. Kwa aliye Uganda, daftari la kikundi cha akiba linafaa sana: wanachama wanaweka, wanatoa, na mweka hazina anataka kuona salio. Ndani yake mna faili, maandishi, tarehe na pesa.

Anza na faili kabla ya lugha. Andika `daftari.csv` hivi:

```
2025-03-07,M014,weka,20000
2025-03-07,M009,weka,15000
2025-03-14,M014,toa,8000
```

Usitumie jina la mtu kama utambulisho. Katika kikundi chenye Waganda wengi si ajabu kuwa na kina Nakato wawili, kwa kuwa kila pacha wa kike aliyezaliwa wa pili huitwa hivyo. Programu itawajumlisha kama mtu mmoja. Tumia namba ya uanachama, na itangulize herufi. Ukiandika 014 tupu, siku mtu akiifungua faili kwa Excel na kuihifadhi, sifuri ya mbele itapotea na mwanachama atakuwa 14.

Kiasi kiwe namba kamili, bila koma na bila "UGX". Shilingi ya Uganda haitumii senti, kwa hiyo namba za desimali hazina kazi hapa.

Lugha ya kwanza iwe Lua. Sababu ya wazi ni bando: kifurushi cha msimbo wake hakifiki hata MB 1, wakati Go hufika makumi ya MB na Rust hula mamia ya MB. Kwenye Ubuntu au Debian (aina za Linux), `sudo apt install lua5.4` inatosha. Hata hivyo pakua pia kile kifurushi cha msimbo, kwa sababu ndani ya folda `doc` mna `manual.html`, mwongozo mzima unaosomeka bila intaneti. Kisha andika `daftari.lua`:

```
local salio = {}
local n = 0
for mstari in io.lines("daftari.csv") do
  n = n + 1
  local safi = mstari:gsub("\r$", "")
  local tarehe, id, aina, kiasi =
    safi:match("^(%d+%-%d+%-%d+),(M%d+),(%a+),(%d+)$")
  if tarehe and aina == "weka" then
    salio[id] = (salio[id] or 0) + tonumber(kiasi)
  elseif tarehe and aina == "toa" then
    salio[id] = (salio[id] or 0) - tonumber(kiasi)
  else
    io.stderr:write("Kasoro, mstari wa ", n, "\n")
  end
end

local orodha = {}
for id in pairs(salio) do orodha[#orodha + 1] = id end
table.sort(orodha)
for _, id in ipairs(orodha) do print(id, salio[id]) end
```

Endesha kwa `lua5.4 daftari.lua`. Unatakiwa kuona M009 ana 15000 na M014 ana 12000.

Ule mstari wa `gsub` usiuondoe. Faili iliyoandikwa kwenye Windows ina herufi isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Bila kuifuta, kila mstari utatangazwa kuwa na kasoro na hutaiona kasoro yenyewe ukikodoa macho usiku kucha. Ile orodha inayopangwa nayo ina sababu: `pairs` haiahidi mpangilio wowote. Na `local` iandike kila mara. Ukiisahau, kigeu (jina linaloshika thamani) kinakuwa cha programu nzima, na ukikosea herufi ya jina Lua haigombi, inaunda kigeu kipya kimyakimya.

Riba ndipo lugha inapojidhihirisha. Asilimia 3 ya mkopo wa 250,000 ikiandikwa `250000 * 0.03` inaleta namba ya desimali, 7500.0, na hata `/` peke yake hufanya hivyo. Andika `250000 * 3 // 100`, upate 7500 kamili, kwa kuwa `//` hugawanya na kubakiza namba kamili tu. Zidisha kwanza, gawanya baadaye. Ukigeuza, `3 // 100` ni 0 na riba yote imekwenda. Kikundi kikitaka kuikaribisha riba kwenye mia iliyo karibu zaidi, ni `(x + 50) // 100 * 100`, `x` ikiwa ndiyo riba.

Kuhifadhi kunataka uangalifu kwa sababu ya umeme. Usifungue `daftari.csv` kwa `"w"` (hali ya kuandika) ukaandika juu yake: faili inafutwa papo hapo, na umeme ukikatika kabla hujamaliza umebaki na nusu ya daftari. Andika yote kwenye `daftari.mpya`, ifunge, halafu `os.rename("daftari.mpya", "daftari.csv")`. Kwenye Linux hiyo inachukua nafasi ya faili ya zamani kwa mkupuo mmoja. Kwenye Windows itakataa kwa kuwa jina tayari lipo, hivyo ipe faili ya zamani jina jingine kwanza.

Lua ikishatoa majibu sahihi, hamia Go na uandike upya programu ileile kwenye `daftari.go`. Ipakue penye Wi-Fi, na tumia maktaba zinazokuja nayo tu, ili ujenzi usidai intaneti. Maelezo utayapata kwenye terminali: `go doc encoding/csv`. Maktaba hiyo inashughulikia yenyewe ile herufi ya Windows, ila inakataa mstari wenye idadi tofauti ya safu. Kiasi kisome kwa `strconv.ParseInt(kiasi, 10, 64)`. Hiyo 64 si pambo: kwenye biti 32 kikomo ni 2,147,483,647, na mkopo wa milioni 250 ukizidishwa kwa miezi 12 ni bilioni 3. Tarehe itakuchekesha, muundo wake huandikwa `2006-01-02`, tarakimu hizohizo, si mfano. Kigeu usichokitumia kinazuia programu kujengwa kabisa, jambo linalokera mwanzoni, lakini ndilo linalonasa makosa ambayo Lua iliyaacha yapite.

Faida kubwa ya Go ni hii: `GOOS=windows GOARCH=amd64 go build daftari.go` inakupa faili moja ya `.exe` unayoweza kuweka kwenye flash na kumpelekea mweka hazina, bila yeye kusakinisha chochote.

Kwenye Go chapisha kwa `"%s\t%d\n"`, panga kwa `sort.Strings`, jenga kwa `go build daftari.go`, halafu linganisha:

```
lua5.4 daftari.lua > a.txt
./daftari > b.txt
diff a.txt b.txt
```

`diff` ikinyamaza, majibu ni yaleyale. Ikionyesha 7500 upande mmoja na 7500.0 upande wa pili, rudi kwenye Lua utafute `/` iliyosimama peke yake.