Kabla kanga yako haijafika Biashara Street, Mombasa: kulinda mchoro, jina na chapa

Tandika kanga moja mezani uitazame kabla hujajaza fomu yoyote. Kuna mchoro wa pindo na wa mji, yaani sehemu ya katikati, kuna jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na kuna chapa ndogo ukingoni. Kila kimoja kina sheria yake. Wachoraji wengi wanaonijia huanza kuhangaikia jina, na hapo ndipo pesa hupotea bure.

Hatua ya 1: Mchoro.
Hakimiliki huanza pale unapoutia mchoro kwenye karatasi au kompyuta, hata kama hujasajili, na hudumu uhai wako wote na miaka 50 baadaye. Hata hivyo usajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, upate cheti cha kuonyesha siku ya ubishi. Weka rasimu zote pamoja na tarehe zake. Umbo la korosho ni la wote, usidai umelibuni. Chako ni namna ulivyolipanga.

Sasa jihadhari hapa. Ukichora kwa kuagizwa, sheria ya Kenya humhesabu aliyekuagiza kuwa ndiye mwenye hakimiliki, ila mkiandikiana vingine. Mimi yalinifika: mwenye duka mmoja aliniagiza mji, akanilipa, tukapeana mikono. Mwaka wa pili nikauona umeenea kwenye mikoba na foronya. Sikuwa na pa kushika. Siku hizi sishiki kalamu kabla ya karatasi ya makubaliano kutiwa sahihi: mchoro utatumika kwenye nini, kwa muda gani.

Hatua ya 2: Jina.
Methali haina mwenyewe, itumie. Lakini ukipenda mshororo wa taarabu ya msanii wa leo, mwombe ruhusa kwa maandishi. Mashairi yana hakimiliki kama mchoro wako.

Hatua ya 3: Chapa.
Fikiria "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak wa hapa hapa Mombasa. Mama anayejua kanga huitafuta chapa hiyo kwanza, ndipo asome jina. Alama ya biashara kazi yake ni hiyo.

Usichague "Kanga za Mombasa": linataja bidhaa na mji tu, litakataliwa. Buni neno lisiloeleza kitu. Omba KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, wakupekulie kama lina mwenyewe, kisha chagua makundi ya bidhaa au huduma: 24 ni vitambaa, 25 ni nguo zilizoshonwa, 41 ni burudani, kama una bendi au maonyesho ya mavazi. Kila kundi lina ada yake, kwa hiyo usilipie usilolifanyia kazi. Likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida lao, na watu wana siku 60 za kupinga. Usajili ni wa miaka 10, halafu unahuisha.

Hatua ya 4: Ukikuta ya kuigiza.
Usigombane dukani. Nunua doti moja, dai risiti, piga picha chapa na mbele ya duka, ndipo upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Kanga yenyewe usiifue.