Kupangia taa buibui, mahameli na zari kwenye chumba cha Lamu

Vyumba vya nyumba za kale za mji wa Lamu ni virefu na vyembamba. Upana umefuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kwa hivyo mara nyingi haufiki mita 3, na kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Ukipiga flashi humo, mwanga unagonga ukuta wa pili na kumrudia mwanamitindo, na buibui jeusi linapauka likawa kijivu. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuuzima ukuta. Taa ya ziada inaweza kungoja.

Andaa flashi 2 na triga yake (kifaa cha kamerani kinachoziwasha), softiboksi (sanduku la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 90 kwa 120, wavu wa matundu kama sega la nyuki wa kubana mwanga wa flashi ya pili, lenzi ya milimita 85, kadi ya kijivu, pasi, vibanio, na mita 6 za kitambaa cheusi kisichong'aa.

Hatua ya 1. Tundika kitambaa cheusi upande unaokabili taa, nusu mita kutoka kwa mwanamitindo, kutoka juu ya kichwa hadi sakafuni. Tumia stendi na kamba. Plasta ya zamani na vidaka havipigiliwi misumari. Msimamishe mita 1.5 au zaidi mbele ya ukuta wa nyuma, nawe upige kwa kufuata urefu wa chumba.

Hatua ya 2. Funga madirisha, zima balbu. Weka ISO 100, shata 1/160, f/8, kisha piga picha moja bila flashi. Iwe nyeusi tititi. Kikionekana chochote, kuna mwanga wa nje unaoingia na utachafua rangi.

Hatua ya 3. Kabla hajavaa, piga flashi kwenye nguo yenyewe ikiwa imetandazwa. Mabuibui mengi ya poliesta hutoka na wekundu wa zambarau ingawa kwa macho ni meusi, kwa sababu rangi yake huakisi miali ya infraredi ambayo kamera huinasa. Mara nyingine ushungi na buibui vimekatwa kwenye majora mawili tofauti: kimoja kinatoka cheusi, kingine damu ya mzee. Usijaribu kurekebisha kwa mizani ya weupe, inayobadilisha rangi za picha nzima, utauharibu uso. Funga kichujio cha kuzuia infraredi kwenye lenzi, au kwenye kompyuta teua kitambaa peke yake na upunguze ukolevu wa rangi.

Hatua ya 4. Weka taa kuu, na hapa kitambaa ndicho kinachoamua.

Satini huonyesha sura ya taa yenyewe, kwa hiyo tumia softiboksi na uisogeze hadi ule mng'ao ulale pale unapoutaka. Kila kunjo litatoka na mstari mweupe. Piga pasi kwa ndani, moto mdogo.

Mahameli ni kinyume. Nyuzi zake zimesimama na mwanga wa mbele unazama humo. Peleka taa ubavuni, hata nyuma kidogo ya bega, ili ipite juu ya nyuzi. Kabla ya hapo zilaze zote upande mmoja kwa brashi. Alama ya kiganja kwenye mahameli huonekana kama doa, na kuifuta kwenye kompyuta ni adhabu.

Zari na vimetameta havitaki softiboksi peke yake. Dhahabu inatoka bapa, haina uhai. Ongeza flashi ya pili, tupu, yenye wavu, juu nyuma ya bega, stopu 2 chini ya taa kuu (kila stopu ni nusu ya mwanga, kwa hiyo robo yake). Kisha mwambie ageuke polepole. Kila kimetameta kinarusha mwanga upande wake, na akigeuka kidogo tu vinavyowaka vinabadilika. Kichujio cha polaraiza, kile cha kupunguza mng'ao, kwenye lenzi hakitakusaidia kwa zari lenye uzi wa madini.

Oganza na shifoni zinapendeza kwa mwanga wa nyuma, lakini mwanga huohuo unaonyesha umbo lililo ndani. Mwambie mapema avae gauni la ndani. Kwa bibi harusi, kubaliana naye na somo wake (mwanamke anayemfunda) nani ataziona picha, na somo ndiye arekebishe nguo.

Hatua ya 5. Pima kwa kadi ya kijivu iliyo karibu na uso, na kamera iwe kwenye manyuo, yaani unapanga mwanga mwenyewe. Otomatiki ikiona weusi mwingi itaongeza mwanga. Kwa picha ya mwili mzima usikaribishe taa. Ikiwa mita 1 kutoka usoni, kwa kimo cha uso, upindo ulio mita 1.5 chini unapungukiwa na zaidi ya stopu 1.5. Irudishe mita 2, kimshazari mbele yake, na upungufu unabaki kama stopu 0.6. Mikunjo ya buibui ikipotea, usipandishe taa kuu, uso utaungua kwanza. Ongeza kidogo ile ya nyuma.

Hatua ya 6. Kabla hajavua, kuza picha hadi asilimia 100 na ukague shingo, tarizi na mistari ya kikoi. Ukiona mawimbi ya rangi ambayo hayamo kwenye nguo, mistari imegongana na pikseli za kamera. Sogea nusu hatua, mbele au nyuma, upige tena.