Jinsi ya kusoma majibu ya kalcha mpaka uione jeni iliyojificha nyuma ya R

Wengi tukishika karatasi ya kalcha, yaani majibu ya kuotesha bakteria wa mgonjwa na kuwapima kwa dawa, tunafanya kitu kilekile, jicho linakimbilia kwenye S ya kwanza (S ni dawa inamweza bakteria, R ni bakteria sugu), tunaandika dawa, tunaondoka. Sio kosa, mgonjwa anasubiri dawa. Ila zile R nazo zinaongea, na zinaongea zikiwa kundi, R moja peke yake haina maneno mengi lakini R tatu zilizokaa mahali fulani na S moja iliyobaki katikati yao zinakaribia kukutajia jeni kwa jina, na zaidi ya hapo zinakudokeza kama hiyo jeni imetulia kwenye kromosomu ya huyo bakteria au iko kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachohama kati ya bakteria, ambayo kesho inaweza ikawa kwa bakteria wa kitanda cha pili. Hilo la pili ndio linalobadilisha kazi ya wadi. Na kulijua huanzi na mashine ya PCR inayotafuta jeni zenyewe, unaanza na karatasi uliyoshika.

Kabla hujasoma dawa hata moja, soma jina la bakteria. Kuna usugu wa kuzaliwa nao, haujatoka kwa mtu na hauendi kwa mtu. Klebsiella pneumoniae ana jeni ya SHV kwenye kromosomu yake tangu zamani, kwa hiyo ampisilini R kwake sio habari kabisa. Enterococcus hajali sefalosporini. Proteus, Serratia, Providencia na Morganella, wote hao kolistini haiwagusi. Stenotrophomonas anaivunja meropenemu kwa kimeng'enya chake mwenyewe kinaitwa L1, sasa mtu akiona meropenemu R hapo akaanza kupiga simu za dharura anajichosha bure. Chukua kalamu uzikate hizo R zote, zinazobaki ndio za kusoma.

Alafu kuna kinyume chake ambacho mimi nakipenda zaidi: ukiona Klebsiella pneumoniae ampisilini S, simama. Niliwahi kushika ripoti ya namna hiyo tukafurahi kweli kwamba tumepata bakteria mpole, kumbe utambuzi ulikosewa, hakuwa Klebsiella. Tangu siku hiyo usugu wa kuzaliwa nautumia kama kitambulisho, usipokuwepo narudisha karatasi maabara. Ukiwa huko uliza na mambo ya kawaida, uji wa bakteria ulikuwa 0.5 McFarland kweli (kipimo cha uzito wake), agari ya Mueller-Hinton wanayooteshewa ina unene wa milimita 4, sahani zilikaa saa 16 mpaka 18. Uji ukiwa mzito duara tupu linalozunguka diski ya dawa, pale bakteria wasipoota, linasinyaa na unapata R ya uongo, hapo hakuna jeni ya kutafuta.

Sasa twende kwenye gram hasi, kundi la kina E. coli na Klebsiella, maana ndiko mchezo wote uliko. Mfano una E. coli, seftriaksoni R, sefotaksimu R, seftazidimu R, lakini sefoksitini S na meropenemu S. Mpangilio huo ni ESBL, kimeng'enya kinachovunja sefalosporini kama hizo tatu za mwanzo, mpaka uthibitishe vingine. Hakikisha hivi: weka diski ya sefotaksimu peke yake na nyingine yenye sefotaksimu pamoja na klavulaneti, fanya hivyo hivyo kwa seftazidimu, na kama duara la yenye klavulaneti limezidi lile la peke yake kwa milimita 5 au zaidi kwa dawa mojawapo, umeshampata. Klavulaneti inakikaba kile kimeng'enya, dawa inapumua, duara linafunguka.

Nyuma yake kuna jeni gani? Zamani mara nyingi ilikuwa TEM au SHV zilizobadilika kidogo tu. TEM-1 ya kawaida inavunja ampisilini na haina nguvu kwa sefalosporini za kizazi cha tatu, ila ukibadilisha asidi amino moja, mfano glaisini ya nafasi ya 238 ikawa serini, mlango wa kimeng'enya unapanuka na molekuli kubwa zaidi zinaingia. Herufi moja ya DNA, kundi zima la dawa linaondoka. Siku hizi lakini mtu wa kumshuku kwanza ni CTX-M, hasa CTX-M-15, na huyu hakutokana na TEM, asili yake ni kromosomu ya bakteria wa mazingira anaitwa Kluyvera, kipande cha DNA kinachoruka kikaibeba hiyo jeni kikaitupia kwenye plasmidi, basi imeshasambaa duniani.

Angalia na abiria wengine kwenye hiyo plasmidi. Ukiona ESBL na pembeni siprofloksasini R, jentamaisini R, tetrasaiklini R, kotrimoksazoli R, usidhani ni bahati mbaya nne tofauti, mara nyingi ni basi moja. Kuna jeni inaitwa aac(6')-Ib-cr inayoharibu tobramaisini na amikasini na hapo hapo inapunguza makali ya siprofloksasini, nayo hupenda kusafiri na CTX-M-15. Manake kila ukimpa mgonjwa siprofloksasini unailea ESBL pia, hata kama hujagusa seftriaksoni mwezi mzima. Hili watu hulisahau sana.

Ila kama sefoksitini nayo ni R na klavulaneti haibadilishi kitu, fikiria AmpC, kimeng'enya kingine ambacho klavulaneti haikikabi. Kwa E. coli au Klebsiella inaweza kuwa ya plasmidi, CMY-2 kwa mfano. Kwa Enterobacter cloacae, Citrobacter freundii na Klebsiella aerogenes ni ya kwake mwenyewe na hapa kuna mtego mbaya: karatasi inakuja seftriaksoni S, unampa, siku ya kwanza na ya pili anapata nafuu, baadaye homa inarudi na kalcha ya pili inasoma R. Bakteria hakuambukizwa jeni mpya. Ndani ya ile idadi kubwa walikuwepo wachache ambao jeni yao ya ampD, inayozuia AmpC isizalishwe ovyo, ilishaharibika, dawa ikaua wenzao ikawaachia uwanja. Kwa hiyo ukiona hayo majina matatu, S ya seftriaksoni usiiamini, tafuta dawa nyingine hata kama karatasi imekuruhusu.

Karbapenemu, yaani kina meropenemu na ertapenemu, nazo zinataka utulivu. Kama ertapenemu peke yake ni R na meropenemu bado S, inawezekana kabisa ni ESBL au AmpC iliyojumlishwa na tundu la ukuta lililofungwa, yaani porini imepotea, kwa Klebsiella ni OmpK35 na OmpK36. Porini iliyopotea haihami kwenda kwa jirani. Lakini inawezekana pia ni karbapenemasi halisi, kimeng'enya kinachovunja karbapenemu, na hiyo inahama. Kutofautisha tumia mCIM, ni rahisi na bei yake haitishi: unaloweka diski ya meropenemu kwenye mchuzi wenye bakteria wako kwa saa 4, unaitoa, unaiweka juu ya sahani ya E. coli mpole anayekufa kwa meropenemu. Kama wa kwako ana karbapenemasi ameshaila dawa yote, duara halipo au ni dogo, milimita 6 mpaka 15. Kama ni 19 kwenda juu hana. Katikati hapo rudia, usilazimishe jibu.

Ukishajua ipo, ni aina ipi? KPC inakabwa na avibaktamu, kizuizi cha vimeng'enya kama klavulaneti, OXA-48 pia, ila NDM, VIM na IMP hazikabwi maana zenyewe zinafanya kazi kwa zinki, hazina ile serini ambayo avibaktamu inaishika. Kwa hiyo Klebsiella mwenye mCIM chanya, seftazidimu-avibaktamu R, nawaza NDM na wenzake kwanza. Rudia mCIM ukiongeza EDTA inayonyakua zinki, duara likifunguka milimita 5 au zaidi jibu umelipata. Aztreonamu kwa asili NDM haiivunji, na ungetegemea uione S, tatizo ESBL huwa iko hapo hapo inaimaliza. Na OXA-48 ndio msiri kuliko wote, anaivunja meropenemu polepole mpaka karatasi inaweza kusoma S, na kama hana ESBL pembeni hata seftazidimu inabaki S. Anaonekana mpole kabisa. Ertapenemu iliyopungua nguvu kidogo bila sababu inayoeleweka ndio dalili yake.

Kolistini nitasema kidogo: jibu la diski usilisome, molekuli ni kubwa haisambai vizuri kwenye agari, omba MIC ya mchuzi, yaani kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria. R ya kweli kwa Klebsiella mara nyingi ni jeni ya mgrB iliyovunjika, ya kromosomu. Lakini mcr-1 iliyotangazwa mwaka 2015 kutoka China iko kwenye plasmidi, kwa hiyo R ya kolistini kwa E. coli usiipite.

Gram chanya ni fupi zaidi. Staphylococcus aureus, tazama sefoksitini, duara likiwa chini ya milimita 22 ni jeni ya mecA, mara chache mecC, ukuta umejengwa na PBP2a, protini ambayo dawa haiishiki, na beta-laktamu karibu zote zifute hata zikiandikwa S. Ukiona erithromaisini R na klindamaisini S usifurahi, weka diski hizo mbili jirani, milimita 15 mpaka 26, duara la klindamaisini likibonyea upande wa erithromaisini likawa kama herufi D basi kuna jeni ya erm iliyolala, erithromaisini imeiamsha. Bila kubonyea pengine ni jeni ya msrA na klindamaisini inafaa. Enterococcus mwenye vankomaisini R na teikoplanini R ni jeni ya vanA, teikoplanini ikibaki S ni vanB, na kama jina ni gallinarum au casseliflavus ni vanC ya kuzaliwa, haina haja ya kumtenga mtu.

PCR ikija baada ya haya isome kwa adabu. Hasi maana yake zile jeni tano au sita ulizoziuliza hazipo, sio kwamba hakuna jeni. Na chanya inaweza kuwa jeni iliyolala, kuna aureus wenye mecA ambao diski inasoma S, hao watibu kama MRSA, yaani aureus sugu kwa kundi hilo la beta-laktamu.

Mwisho usisome karatasi moja moja, zipange za wiki mbili mezani. Bakteria wa aina moja wenye mpangilio uleule kwa wagonjwa watatu, huyo ni mmoja anatembea, angalia mikono, sinki, vifaa. Lakini Klebsiella, E. coli na Enterobacter kwa wagonjwa watatu tofauti wote wakiwa na R zilezile na jentamaisini ileile imekufa, hapo anayetembea ni plasmidi, na wadi ikitafuta bakteria mmoja haitamwona. Ukishuku hivyo piga simu maabara leo leo waziweke kalcha zote tatu kwenye friza, kabla hazijaenda kwenye otoklevu na taka za wiki.