Kugeuza mafuta ya nazi kuwa dizeli kwa kichocheo cha kostiki soda

Mafuta ya kuchemsha tui, kama wanavyoyapika Mtwara na Lindi, hubaki na maji, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika: maji yakikutana na kostiki unapata sabuni. Pasha lita 1 hadi nyuzi 110 mpaka povu liishe, kisha poza hadi 55.

Usikisie kichocheo. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za isopropanoli, tia matone mawili ya finoftalini (kionyeshi kinachogeuka waridi kwenye kostiki), halafu dondosha maji ya kostiki (gramu 1 kwa lita) hadi rangi ya waridi idumu nusu dakika. Kila mililita uliyodondosha ni gramu 1 ya kuongeza juu ya gramu 3.5 za kawaida. Kopo la kostiki lifunge papo hapo. Hewa ya pwani huilowesha kostiki na mizani inadanganya.

Iyeyushe kostiki uliyopima ndani ya mililita 330 za methanoli. (Mafuta ya ufuta yangetaka karibu 250; minyororo ya kaboni ya mafuta ya nazi ni mifupi, hivyo lita moja ina molekuli nyingi zaidi.) Methanoli ni sumu inayopofusha, na mvuke wake hudaka moto: jiko la mkaa likae mbali, pashia kwa beseni la maji ya moto.

Mimina kwenye mafuta, koroga saa 1 kwa nyuzi 55. Ikifika 64 methanoli inatoroka. Acha usiku kucha, gliserini ituame, uitoe.

Osha dizeli iliyobaki kwa maji vuguvugu mara 3, taratibu. Ukitikisa kwa pupa utapata kitu cheupe kama tui. Chumvi kidogo hukitenganisha.