Wanasema kampuni inakufa: jinsi ya kupima uvumi kabla ya kununua mashine ya gemu

Kila Septemba, gemu mpya ya mpira ikikaribia kutoka, uvumi unaanza upya kwenye mabanda ya gemu ya Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited, hapa Arusha. Xbox ya Microsoft inafungwa. Sony wanaachana na diski. PS4, yaani PlayStation 4 ya Sony, imeisha. Mwenye banda aliyekuwa na laki saba za kuongeza mashine anazirudisha mfukoni, au vibaya zaidi, anauza kwa bei ya kutupa mashine nzima iliyokuwa inamlisha. Uvumi wa namna hii usiudharau, maana kuna siku huwa kweli. Upime. Kazi yenyewe ni ya siku mbili: jioni moja ya kusoma hesabu za kampuni kwenye simu, na Jumamosi moja ya kuzunguka mjini kwa miguu.

Kwanza jua kinachokufa ni nini

Andika uvumi kwenye daftari kwa sentensi moja, kisha uulize unazungumzia kifo gani. Viko vinne, na machalii huvichanganya. Kampuni nzima inaweza kufilisika. Au kampuni ikaacha kutengeneza mashine ikabaki na gemu tu. Au toleo moja la mashine likasitishwa kiwandani. Au duka la mtandaoni likafungwa.

Kifo cha kwanza ni cha mbali sana kwa wakubwa watatu waliobaki. Xbox ni kipande kidogo cha Microsoft, Sony wana muziki, filamu na vihisi vya kamera za simu, na Nintendo walianza mwaka 1889 kule Kyoto wakitengeneza karata. Cha pili kiliwahi kutokea: tarehe 31 Januari 2001 Sega walitangaza kuiacha mashine yao ya Dreamcast, wakiwa wameuza mashine kama milioni 9, na mpaka leo Sega wapo, wanatengeneza gemu za kuchezwa kwenye mashine za wenzao. Cha tatu kinaipata kila mashine. PS2 ilisitishwa mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 155, na hakukuwa na msiba wowote. Cha nne ndicho kinachouma kimyakimya. Nintendo walifunga duka la mashine zao za Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023, Microsoft wakafunga la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Aliyekwisha nunua aliendelea kupakua gemu zake, lakini kununua mpya ndiyo basi.

Mwenye banda la diski na mwenye banda la gemu za kupakua hawaumii sawa. Ukishajua ni kifo gani kinasemwa, nusu ya hofu inaondoka yenyewe.

Soma hesabu za kampuni, lakini jua zinavyoandikwa

Sony na Nintendo hufunga mwaka wao wa hesabu tarehe 31 Machi, Microsoft tarehe 30 Juni, na wote hutoa taarifa kila miezi mitatu. Kwenye tovuti zao nenda ukurasa wa wawekezaji, si ukurasa wa bidhaa. Nintendo ndio rahisi kuliko wote: wanaweka jedwali la kila mashine waliyouza tangu mwanzo. Sony wanatoa idadi ya PS5 zilizotoka kwenda madukani, na hiyo si idadi iliyofika mikononi mwa wachezaji. Microsoft waliacha kutaja idadi ya mashine mwaka 2015. Wanachotoa ni asilimia tu, kwamba mapato ya mashine za Xbox yamepanda au yameshuka. Kwa hiyo mtu akikuambia "Xbox wameuza kadhaa mwaka huu" kwa namba kamili, anakisia au anarudia kisio la mwenzake.

Kosa kubwa hapa ni kulinganisha robo mbili za mwaka, yaani miezi mitatu mitatu, zinazofuatana. Robo ya Oktoba mpaka Desemba ina Krismasi ndani yake, kwa hiyo ya Januari mpaka Machi lazima ionekane imeanguka. Linganisha na robo ileile ya mwaka uliopita. Kosa la pili ni kuona mauzo ya mashine yameshuka ukadhani kampuni inapata hasara. Mashine ikifika mwaka wake wa tano au wa sita, mauzo hushuka kwa kawaida, huku mauzo ya gemu na ada za usajili wa huduma za mtandaoni yakiendelea kuingiza pesa.

Maoni ya watu peke yake hayatoshi kukuongoza. Wii U iliyotoka Novemba 2012 iliishia milioni 13.56, na wengi wakawaambia Nintendo waache mashine kabisa, watengeneze gemu za simu. Machi 2017 wakaleta Switch, ikapita milioni 150. Kelele zilikuwa sahihi kuhusu mashine, zikakosea kuhusu kampuni. Kwa Dreamcast kelele zilipatia. Tofauti yao ilikuwa akiba: Nintendo walikuwa na fedha benki na 3DS iliyokuwa inauza, Sega walikuwa wamelemewa na hasara za miaka kadhaa mfululizo.

Tazama saa ya mpira

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote kwa Arusha na Moshi, kwa sababu banda linaishi kwa mpira. Usiangalie kampuni ya mashine, angalia kampuni ya gemu ya mpira inafanya nini. Electronic Arts hawakutengeneza hata gemu moja kwa ajili ya Dreamcast, kwa hiyo haikuwahi kuwa na FIFA, gemu yao ya mpira. Wii U ilipata FIFA 13, na ya pili haikuja. Mashine zote mbili zilikwisha mapema. Mwenye gemu ya mpira ana hesabu za mauzo yake kwa kila mashine, na akiondoka, ameona kitu ambacho tangazo rasmi litakuja kukisema baadaye.

Sasa hesabu miaka. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000, FIFA yake ya mwisho ni FIFA 14, iliyotoka 2013. Hiyo ni miaka 13. PS3 ilitoka 2006, ya mwisho ni FIFA 19 ya mwaka 2018: miaka 12. PS4 ilitoka Novemba 2013, na EA Sports FC 26 (jina jipya la FIFA) ya Septemba 2025 bado imeipata. Miaka 12 tayari.

Maana yake ni hii: mashine ambayo mtaa mzima unaiona salama, PS4, ndiyo iliyo karibu zaidi na ukingo, wakati Xbox Series S, ambayo uvumi unaizika kila wiki, ni ya Novemba 2020 na gemu ya mpira inaendelea kuja kwake. Simaanishi ukimbilie Xbox. PS4 ikikosa toleo jipya haizimiki. Mabanda yaliendelea kuingiza pesa na PS2 miaka mingi baada ya 2013, kwa kubadilisha majina ya wachezaji tu. Lakini kijana wa mjini anayefuata usajili wa wachezaji wa Januari atakwenda banda lenye vikosi vipya, na bei yako ya mechi itashuka. Nunua PS4 kwa bei inayolijua hilo.

Jumamosi ya kuuliza bei mbili

Maoni ya watu kuhusu kesho ya mashine yanaonekana kwenye bei kuliko kwenye maneno. Nenda maduka matatu yanayouza mashine za mtumba, tuseme kuzunguka Stendi Ndogo na Soko Kuu kwa Arusha, au katikati ya mji kwa Moshi. Kila duka uliza bei ya kununua mashine unayoitaka, na padi (vidhibiti vya kuchezea) mbili. Kisha mtume mwenzako baada ya saa moja, aulize duka hilohilo litampa shilingi ngapi akileta mashine ya aina hiyo, nzima, na padi mbili. Mpangilio huo una sababu: ukiuliza yote mawili kwa pamoja, muuzaji atakupigia mahesabu ya kukupendeza.

Mfano: anauza 650,000, ananunua 450,000. Pengo ni 200,000, chini kidogo ya theluthi ya bei ya kuuza. Hilo ni pengo la kawaida la mfanyabiashara. Likizidi nusu, mtaa umekwisha kuikata tamaa mashine hiyo, hata kama kampuni yake iko imara. Na kama duka linakataa kununua kabisa, hapo umepata jibu bila hesabu. Andika namba hizo, rudia baada ya miezi mitatu.

Siku hiyohiyo pita kwa mafundi. Usiulize "unatengeneza Xbox?", kila fundi atasema ndiyo. Uliza ana tundu la HDMI (la waya wa kwenda kwenye TV) la mashine hiyo sasa hivi hapo mezani, na akuoneshe. Uliza stiki za padi, feni, na kichwa cha kusomea diski. Kwenye banda padi ndiyo inayokufa kwanza: stiki inaanza kumpeleka mchezaji kushoto bila kuguswa, na mteja anadai mechi irudiwe. Tundu la HDMI linafuata, kwa sababu ya watu kuvuta waya. Mashine ambayo vipuri vyake vinaagizwa Dar kwa basi kila mara ina gharama ambayo haipo kwenye bei.

Piga hesabu ya kurudisha pesa

Tuchukulie mashine 650,000, na padi mbili za akiba 130,000: jumla 780,000. Mechi ya shilingi 500, mechi nne kwa saa, saa sita za kazi halisi kwa siku: 12,000. Toa 5,000 za umeme, sehemu ya kodi na akiba ya matengenezo. Zinabaki 7,000. Pesa yako inarudi baada ya siku 112 za kazi, kama wiki 19 ukifungua siku sita. Weka namba zako mwenyewe badala ya hizi.

Kama uvumi unasema jambo litatokea baada ya miaka miwili na pesa inarudi ndani ya miezi mitano, uvumi huo haukuhusu. Ukiona hesabu inadai miezi kumi na minane, acha, hata kama kampuni haina doa.

Iandae mashine kuishi bila kampuni

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanadhani wakishanunua wamemaliza.

Chagua yenye mlango wa diski. Xbox Series S haina. PS5 Pro huuzwa bila mlango huo, na kwa PS5 nyembamba mlango wa kupachika unahitaji intaneti mara ya kwanza ili mashine iutambue. Ukiununua pembeni, uunganishe siku hiyohiyo, usiuweke kabatini.

Kwa PS4 ya mtumba, kabla ya kulipa ingia mtandao wa PlayStation ukiwa dukani, kwa intaneti ya simu. Mashine iliyofungiwa na kampuni itakataa, na fundi hawezi kuifungulia huduma hiyo. Kisha cheza diski kwa nusu saa, usikilize feni. Ikinguruma mapema, ndani kuna vumbi au dawa ya kupoza prosesa imekauka.

Angalia programu ya mfumo iwe 9.00 au zaidi. Kabla ya toleo hilo, lililotoka Septemba 2021, betri ndogo ya saa ikifa na mashine ikakosa kuwasiliana na seva za Sony, gemu ziligoma kufunguka, hata za diski. Ukiwa na ya zamani, sasisha kwa flashi: ndani ya flashi tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, weka faili la PS4UPDATE.PUP, majina yote kwa herufi kubwa. Herufi moja ndogo au folda kukaa pembeni, mashine inaweza kusema haioni kitu. Betri yenyewe ni CR2032. Mwambie fundi aibadilishe siku anaposafisha vumbi.

Gemu za kupakua zitegemee akaunti yako, si ya aliyekuuzia. Ifanye mashine kuwa PS4 kuu ya akaunti hiyo, ndipo gemu zifunguke hata intaneti ikikosekana. Akaunti moja inaruhusu PS4 kuu moja tu, kwa hiyo ukinunua gemu moja kwa mashine tatu, mbili zitakwama siku mtandao ukikatika. Vocha za kununulia gemu nazo zina nchi: akaunti iliyofunguliwa kwa Marekani haipokei vocha ya Uingereza, na pesa hairudi.

Mwisho andika baruapepe ya akaunti, nywila na nchi yake kwenye karatasi, uiweke na risiti nyumbani, si bandani.