Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kuchunguza Usafi wa Mikono Wodini, Dar es Salaam

Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari anayetaka kuchunguza jinsi wahudumu wanavyosafisha mikono, iwe katika hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, haingii wodini na daftari lake tu. Anahitaji kibali cha maadili ya utafiti na ruhusa ya hospitali yenyewe. Vyote viwili vinategemea andiko lake, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa.

Andiko ndilo la kupewa muda mwingi zaidi. Ukiandika "nitaangalia kama muuguzi ananawa ipasavyo", hujasema kitu. Eleza utahesabu nini. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayodai usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), baada ya kuwa katika hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Kila wakati unaodai mikono isafishwe ni fursa ya kuhesabu; nyakati mbili zikiangukia pamoja, hesabu fursa moja.

Namna ya kunawa ipimwe peke yake. Kwa maji na sabuni, zoezi zima huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti, sekunde 20 hadi 30. Katika fomu yako, tenga kisanduku kwa kila hatua: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, gumba, na ncha za vidole zikisuguliwa kiganjani. Gumba na ncha hurukwa kirahisi, na ncha ndizo zinazotangulia kumgusa mgonjwa. Ukijumlisha yote kuwa "amenawa" au "hajanawa", hilo hutaliona kamwe.

Ongeza pia swali la mazingira: koki ilitoa maji? Sabuni ilikuwepo? Kitakasa kilikuwa karibu na kitanda? Nakusihi usiliache. Bila swali hilo, muuguzi mmoja anayehudumia wodi iliyojaa ataonekana mzembe kumbe ndoo ilikuwa tupu.

Andiko likikamilika na msimamizi wako akalisaini, lipeleke kwenye kamati ya maadili ya chuo chako pamoja na fomu ya ridhaa ya Kiswahili, fomu ya uchunguzi, ratiba na bajeti. Utafiti usiopitia kamati ya chuo unaombewa kibali Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kamati ikirudisha andiko na maswali, jibu swali moja baada ya jingine, ukionyesha ukurasa uliorekebisha.

Katika ridhaa, tamka wazi kwamba hutaandika jina la mhudumu, ila kada yake tu, na kwamba matokeo hayatatumika kumwadhibu mtu. Mtu akijua anatazamwa hunawa zaidi, kwa hiyo panga vipindi vifupi vya dakika 20 hivi, ukirudi siku na zamu tofauti, ya usiku ikiwemo. Mgonjwa naye aombwe ruhusa, na pazia likivutwa, usifuate nyuma yake.

Kibali kikitoka, chukua barua ya utambulisho ya chuo, ambatanisha nakala ya kibali, na uandike kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali. Kwa vituo vya afya vya manispaa, barua hupitia ofisi ya Mkurugenzi na Mganga Mkuu wa Manispaa. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ukifika wodini, mwone kwanza muuguzi kiongozi. Msalimie, mpe nakala yake, na mwulize saa ipi hutawazuia watu kufanya kazi. Mwachie na ahadi ya tarehe utakayorudi kuwasomea wauguzi wa wodi hiyo matokeo, kabla hujayapeleka kwingine.